Mgonjwa Aliye Njiani ni Amana ya Nani?

Twapenda safari hii kuuliza swali ambalo wengi wetu tumewahi kulikuta barabarani ama gatini, lakini wachache tuliwahi kukaa tukalifikiri. Swali lenyewe ni hili: mgonjwa mahututi anapotolewa hospitali moja kupelekwa nyingine, huko njiani yu mikononi mwa nani? Alikotoka wamekwisha kumwandikia barua, na kitanda chake kimetandikwa upya. Anakokwenda bado hawajamwona. Katikati ya milango hiyo miwili, ni nani wa kuulizwa habari zake?

Hatuulizi kwa kupenda maneno. Miaka michache iliyopita tulimsindikiza jirani yetu mmoja, mzee aliyepatwa na kichomi kikali, ambaye madaktari waliamua avushwe bahari. Hospitali na watu hatutawataja, kwa maana haja yetu si kulaumu, na ukweli ni kwamba sisi wenyewe tulikuwamo katika kosa. Mzee alitoka wodini amelazwa juu ya machela, mtungi wa oksijeni ubavuni. Gari ya wagonjwa ilikwenda mbio, nasi tulizionea fahari mbio zile, tukidhani ndiyo huruma yenyewe. Tulipofika gatini chombo kilikuwa bado hakijaanza kupakia, basi tukangoja juani.

Baada ya muda akatujia baharia mmoja, akauliza kwa upole, "Msimamizi wa mgonjwa huyu ni nani?" Tukatazamana. Dereva alisema kazi yake imekwisha pale. Muuguzi alikuwa ameagizwa amfikishe mgonjwa gatini kisha arudi, kwa kuwa wodini alimwacha mwenzake peke yake. Mtoto wa mgonjwa alidhani muuguzi anavuka nao. Sisi majirani tulidhani mtoto ndiye mwenye barua ya daktari, naye alidhani barua tunayo sisi. Na wakati tukiulizana hivyo, mshale wa mtungi ulikuwa umekaribia sifuri.

Muuguzi yule hakurudi. Alipiga simu, akaomba mitungi mingine iletwe na barua iandikwe upya, akavuka pamoja na mgonjwa. Mzee alifika yu hai, akaaga dunia siku ya 3. Hatusemi kwamba saa ile ya gatini ndiyo iliyomwua. Hatujui, wala hakuna ajuaye. Lakini twajua kwamba kwa muda wa saa nzima mtu yule alizungukwa na watu wanane waliompenda, na asiwepo hata mmoja wa kusema, "Huyu yuko juu yangu." Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Siku ile sisi tulijifunza kuwa chombo kisicho na nahodha hata mmoja huenda mrama vilevile, na abiria wake wote huwa na yakini kwamba nahodha yupo.

Katika visiwa vyetu jambo hili si la mara moja kwa mwaka. Mtu akiugua ghafla Nungwi au Makunduchi, hospitali ya karibu humpokea, lakini akizidiwa hana budi kuletwa mjini, Mnazi Mmoja. Na ikiwa Mnazi Mmoja nayo imefika mwisho wa uwezo wake, mara nyingi njia iliyobaki ni kuvuka kwenda Dar es Salaam, Muhimbili. Ndugu zetu wa Pemba wana maji ya kuvuka hata kabla ya kufika Unguja. Boti huchukua kama saa mbili kufika Dar es Salaam, na ndege kama dakika 20, lakini mgonjwa hasafiri kutoka gati hadi gati. Husafiri kutoka kitanda hadi kitanda, na humo katikati mna ngazi, foleni, jua, mawimbi ya kusi, na msongamano wa magari upande wa pili.

Sasa hebu tutazame mambo yalivyo, kwa kuwa huruma isiyojua hesabu huweza kuua. Mtungi mmoja mdogo wa oksijeni, wa aina inayobebwa sana katika magari ya wagonjwa, huchukua kiasi cha lita 680. Mgonjwa wa mapafu anayehitaji lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 68. Ikiwa safari nzima, kitanda hadi kitanda, ni saa nne, atahitaji lita 2,400, yaani mitungi karibu minne. Na kwa kuwa njia haina ahadi, mafundi wa kazi hii hushauri kuchukua mara mbili ya kinachohitajiwa: basi imekuwa mitungi saba na zaidi kidogo. Hesabu hii mtoto wa skuli aiweza. Sisi watu wazima wanane hatukuifanya, kwa sababu kila mmoja aliamini imekwisha fanywa na mwingine.

Tukatazame na hili la mbio. Sote twajua kwamba haraka haraka haina baraka, lakini akiugua mtu wetu twasahau. Madaktari wanaoshughulika na wagonjwa mahututi hufuata kanuni iliyo kinyume cha pupa zetu: mtulize kwanza, ndipo umsafirishe. Njia ya pumzi iwe wazi kabla gari haijawashwa. Damu inayotoka izuiwe. Mshipa wa kupitishia dawa uwe umekwisha patikana, kwa maana ni vigumu mno kuutafuta gari ikiruka mashimoni. Mama mwenye kifafa cha uzazi apewe sindano yake ya magnesiamu pale pale alipo, ndipo aanze safari. Asiyejitambua asilazwe chali peke yake, matapishi yasije yakamziba, alazwe ubavu. Mkwezi aliyeanguka mnazini asikunjwe katika kiti cha nyuma cha teksi. Shingo yake ishikwe isitikisike, na anyanyuliwe na watu kadhaa kwa pamoja kama gogo moja. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya miezi yake hufa kwa baridi hata katika nchi yetu ya joto. Kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, chaweza kumtunza njiani mahali ambapo mashine haipo. Hata ndege ina masharti yake: hewa iliyonaswa ndani ya kifua kilichoumia hutanuka kadiri ndege inavyopanda, kwa hiyo sharti itolewe kabla ya kuruka.

Mambo yote haya hula dakika, na jamaa waliosimama mlangoni huona kana kwamba mtu wao anacheleweshwa. Twakiri kwamba nasi tumewahi kugonga mlango na kupaaza sauti. Lakini zile dakika 20 za kumtuliza mgonjwa ni sehemu ya safari. Mara nyingi ndiyo sehemu iliyo bora.

Turudi basi kwa swali letu: ni amana ya nani? Neno hili la amana twalipenda kulitumia kwa sababu halihitaji kufafanuliwa hapa Unguja, kwa Mkristo wala kwa Mwislamu. Mtu akikuwekea amana, huwezi kuitupa kizingitini kwa mwenyewe ukaenda zako. Hodi hupigwa, mwenyewe hutoka, huipokea kwa mikono yake, husema, "Nimepokea." Mpaka neno hilo litamkwe, kikipotea kitu umekipoteza wewe.

Kila aliyewahi kushika mti wa machela, au hata wa jeneza, anaijua sheria hii kwa bega lake. Unapochoka na mwenzio anakuja kukupokea, humwachii kwa kuwa umemwona amenyoosha mkono. Unangoja mpaka uzito uhame. Anasema, "Nimeshika," nawe ndipo unapotoa bega. Kwa dakika ile fupi mti mmoja unabebwa na watu wawili, wala hakuna aonaye kwamba ni nguvu za bure. Hiyo dakika ya watu wawili ndiyo usalama wote wa mgonjwa.

Waumini wa Mkunazini wanao ukumbusho wa jambo hili mbele ya macho yao. Msalaba ule wa mti ulioko kanisani umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Tumezoea kuutazama tukimfikiri yeye. Mara nyingine tuutazame tukiwafikiri waliombeba, akina Susi na Chuma na wenzao. Alipokuwa hawezi tena kutembea walimtengenezea kitanda cha kuchukuliwa wakampitisha majini na matopeni. Na alipokwisha kufa waliuchukua mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Wangaliweza kuutua mzigo wakati wowote katika miezi ile. Waliutua walipokwisha kupata wa kuupokea.

Na yule Msamaria tumjuaye sote, tukimtazama kwa jicho hili, twaona kwamba huruma yake ilikuwa na mpango. Hakumtupa majeruhi juu ya mnyama akakimbia naye. Alimtibu kwanza pale alipoanguka, akamfunga majeraha, ndipo akampandisha. Alifuatana naye mwenyewe, akakesha naye. Asubuhi alimkabidhi kwa mwenye nyumba kwa maneno na kwa fedha, naye akaahidi kwamba atapita tena, na gharama ikizidi iko juu yake. Kutibu, kusindikiza, kukabidhi, kufuatilia. Hospitali za leo zikiandika kanuni za kuhamisha wagonjwa huandika yayo hayo manne.

Kwa hiyo jibu letu, kwa kifupi, ni hili: mgonjwa aliye njiani ni amana ya yule aliyemtuma, mpaka aliyepelekewa aseme, "Nimeshika." Kuandika barua hakumwondoi mtu deni, na kufunga mlango wa gari hakumwondoi pia. Na ili anayepokea aweze kusema nimeshika, yampasa ajue anachokishika: ni nani huyu, ana nini, amepewa dawa gani na saa ngapi, na ameachwa katika hali gani. Simu ipigwe kabla gari haijaondoka, na mkubali wa upande wa pili awe na jina. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama wajawazito hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ile ya tatu yatukumbusha kwamba mgonjwa aweza kufika mlangoni na bado akawa njiani.

Lakini hatungekuwa wa kweli kama tungeishia hapo, kwa sababu yapo mashaka mawili yasiyokwisha kwa maneno matamu.

La kwanza ni la muuguzi wetu wa gatini. Tumemsifu kwa kuvuka, na alistahili. Lakini je, wale aliowaacha wodini? Nao walikuwa amana. Anayemfuata mmoja anawapungukia wengi, na anayebaki na wengi anamwachilia mmoja aliye katika hatari kuu. Twaona kwamba saa ile ya gatini, mtu mmoja peke yake, hana jibu lililo safi. Lolote atakalochagua litamwuma. Ndiyo maana si haki kumwachia yeye achague. Swali gumu la usiku hujibiwa mchana. Wakubwa wa kazi na sisi raia tuulizane mapema: akitoka muuguzi na mgonjwa, ni nani aitwaye kuziba nafasi yake? Gari ina mafuta? Mitungi imejazwa? Anayefuatana na mgonjwa amefunzwa?

Kwamba mambo haya yawezekana kupangwa mapema, tunao mfano hapa hapa. Mpango uitwao m-mama, uliotangazwa mwaka 2022 kuwa wa taifa, huwachukua wajawazito, wazazi na watoto wachanga walio hatarini. Simu hupigwa bure kwa namba 115. Gari ya wagonjwa ikikosekana, huitwa dereva wa mtaa aliyekwisha kuandikishwa kabla, na nauli yake hulipwa na mpango, isiwe kazi ya mume kubembeleza bei mlangoni usiku wa manane. Fikirini ni akili ya kawaida namna gani: bei hupatanwa mchana, mama hapatwi na uchungu bado.

Wala tusidhani kwamba kila kitu chahitaji mashine za fedha nyingi. Mwaka 1952, ugonjwa wa polio ulipoushika mji wa Copenhagen, wagonjwa walikuwa wakishindwa kuvuta pumzi na mashine hazikutosha. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba mtu aweza kupewa pumzi kwa kukamua mfuko kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu vitandani, usiku na mchana. Mfuko wa namna hiyo uko katika magari ya wagonjwa hata leo. Lakini mkono mmoja huchoka. Yatakiwa wawe wawili wa kupokezana. Tena tumerudi kwa mti wa machela.

Shaka la pili ni chungu zaidi. Kuna safari ambazo hazimfai mgonjwa, bali zatufaa sisi. Mzee anakata roho, daktari anaeleza kwa upole kwamba hapana la kuongeza, nasi twapaaza sauti: mpelekeni Muhimbili, mpelekeni India! Tukichunguza mioyo yetu, mara nyingine tunaogopa maneno ya watu, isije ikasemwa kwamba hatukufanya kila kitu. Basi tunamtoa mtu kitandani pake, tunampandisha chomboni, anamaliza pumzi zake kati ya mizigo ya abiria, mbali na mkono aliouzoea. Hiyo ni amana iliyotumiwa kwa faida ya mchukuzi.

Hata hivyo neno hili tulishike kwa uangalifu sana, lisije likawa kisingizio cha kumnyima maskini safari ambayo tajiri angepewa. Kipimo chetu kiwe maswali mawili, nayo yaulizwe kwa mwenye nacho na asiye nacho sawasawa: huko aendako litafanywa jambo gani lisilowezekana hapa? Na je, kuna tumaini kwamba atalifikia yu hai? Majibu yakiwa mazuri, asafiri, hata ikibidi mtaa mzima uchange. Majibu yasipokuwepo, kubaki naye, kumpunguzia maumivu na kumshika mkono hakutakuwa kumtelekeza.

Labda msomaji atasema, sisi si madaktari, haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa anayetazama ni mwepesi daima. Lakini siku moja kanda litakuwa begani petu. Siku hiyo tusigombane na wauguzi. Tuwaulize kwa adabu mambo matatu. Ni nani anayefuatana na mgonjwa mpaka kitanda cha pili, kwa jina? Huko tuendako wamepigiwa simu na wamekubali? Hewa na dawa zitatosha hata tukichelewa maradufu? Kisha jamaa mmoja, si wanane, apewe barua mkononi na asiitoe mpaka amempa daktari. Na siku ambazo si zamu yetu, tusogeze gari pembeni tusikiapo king'ora, tukatoe damu kabla hatujaombwa, na tutie kitu katika mfuko wa nauli wa mtaa.

Hivi karibuni tulikutana na yule mtoto wa mzee. Hakutulaumu. Alituambia kwamba kila apitapo gatini hulikumbuka lile swali la baharia, naye hulijibu kimoyomoyo: "Ni mimi." Tulinyamaza, kwa maana jibu lile sote wanane tulikuwa nalo siku ile, na kila mmoja alingoja mwenzake alitoe. Mungu akitujalia mgonjwa mwingine mikononi, tusingoje kuulizwa. Tumtazame anayetupokea usoni, tungoje uzito uhame, na tusitoe bega mpaka tumemsikia akisema, "Nimeshika."